Kazi ya mazingira ya klabu ya huduma: namna ya kuipanga ivuke mwaka mmoja wa uongozi

Klabu za huduma, yaani vyama vya watu wanaojitolea kuhudumia jamii kama Rotary na Lions, zina utaratibu unaofaa kwa uongozi lakini hauifai miti: rais wa klabu hukaa mwaka mmoja tu. Katika Rotary mwaka huo huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na Lions hivyohivyo. Kila anayeingia anataka mradi wake wa kukumbukwa. Aliyetangulia alipanda miti, huyu anasafisha mto, ajaye atatengeneza bustani. Huku nyuma, mche unahitaji kupaliliwa na kumwagiliwa kwa misimu miwili ya ukame ndipo ujitegemee, na mto uliosafishwa Jumamosi moja huanza kujaa tena mvua ya kwanza ikinyesha.

Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufikiria miaka mitatu, si siku moja. Zinafaa klabu kubwa au ndogo, iliyo chini ya shirika la kimataifa au kikundi cha majirani waliochangishana wakanunua reki.

Hatua ya 1: Tembeeni kwanza, mkutano baadaye

Swali la "mwaka huu tufanye nini?" huulizwa watu wakiwa wamekaa mezani, na majibu yake hufanana na meza. Liulizeni mkiwa mmesimama kwenye eneo lenyewe. Watu watatu au wanne wanatosha. Tembeeni kando ya mto, ufukwe au kiwanja mnachokifikiria mara mbili: siku ya kawaida, na siku inayofuata mvua kubwa. Mvua huonyesha taka zinaingilia wapi. Mkiona chupa zote zinashuka kutoka mtaro mmoja wa barabara, mmeshajua kwamba kusafisha ukingo wa mto bila kuugusa mtaro huo ni kazi isiyo na mwisho.

Zungumzeni na wanaolitumia eneo: wanaoishi jirani, wanaochota maji, wanaovua, wanaopita kwenda shule. Maswali mawili yanatosha. La kwanza: hapa ni kitu gani kinawasumbua zaidi? La pili: kuna watu walishawahi kujaribu kukirekebisha, na ikawaje? Hilo la pili ndilo lenye faida kubwa. Mtaambiwa kuhusu mapipa yaliyoletwa yakaibwa, miche iliyoliwa na mbuzi, kikundi kilichokuja na fulana za rangi moja kikaondoka kabla ya saa sita. Andikeni yote.

Mkikuta kwamba wakazi hawana pa kutupa taka na gari la taka halifiki, kazi yenu ya kwanza ni barua na vikao na mamlaka ya eneo, hata kama haina mvuto. Rotary yenyewe ilianzishwa Chicago mwaka 1905, na moja ya huduma zake za mwanzo kwa jamii, mwaka 1907, ilikuwa kuhimiza jiji lijenge vyoo vya umma. Hawakushika majembe wenyewe. Waliwasumbua wenye wajibu hadi jambo likafanyika. Watu wenye majina yanayofahamika mjini, ambao klabu hizi huwa nao, wana nguvu ya kufunguliwa milango kuliko nguvu ya kubeba magunia. Itumieni.

Hatua ya 2: Chagueni kipande kidogo

Hesabuni wanachama wanaofika kweli kwenye kazi za nje, si waliomo kwenye daftari. Gawanyeni idadi hiyo kwa mbili. Hao ndio watakaokuwepo mwezi wa sita wa mradi, shauku ikiwa imepoa. Sasa jiulizeni: watu hao wanaweza kutunza nini? Mita 300 za ukingo wa mto zinazorudiwa kila mwezi zina maana kuliko kilomita tano zinazopitiwa mara moja. Miche 150 inayotunzwa inaishinda miche 2,000 iliyoachiwa jua.

Siku za kimataifa zitawavuta. Kuna Siku ya Mazingira Duniani tarehe 5 Juni, Siku ya Usafi Duniani tarehe 20 Septemba, na Siku ya Dunia tarehe 22 Aprili. Ni nzuri kwa kutangaza, kuomba wadhamini na kupata wageni. Lakini zisipange kalenda ya kazi. Kama tarehe 5 Juni kwenu ni katikati ya kiangazi, siku hiyo fanyeni usafi, wekeni matandazo, hesabuni miti ya mwaka jana; miche ibaki kitaluni hadi mvua ije.

Hatua ya 3: Ruhusa na umiliki, kwa maandishi

Hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Kingo za mito, fukwe na hifadhi za barabara mara nyingi zina mamlaka yake na sheria zake, na kipande kinachoonekana kimeachwa kinaweza kuwa na kesi mahakamani. Pateni barua inayosema mambo manne: mnaruhusiwa kufanya nini, wapi mipaka ilipo, kwa muda gani, na miti au miundo itakayobaki itakuwa ya nani. Hilo la mwisho husahaulika, kisha miaka minne baadaye mtu anakuja na msumeno na hakuna wa kumzuia.

Kabla ya siku ya usafi, ulizeni pia taka zitapelekwa wapi, na nani atazibeba. Pateni jibu lenye tarehe na saa. Magunia yaliyorundikwa kando ya barabara yakisubiri lori ambalo halikuthibitishwa huchanwa na mbwa usiku wa kwanza, na asubuhi wakazi wanaamka na uchafu uliokuwa mtoni sasa upo mlangoni pao. Kuchoma moto papo hapo si suluhisho. Moshi wa plastiki una sumu, na majivu yake hurudi majini.

Hatua ya 4: Kamati ya miaka mitatu

Hapa ndipo kiini cha mwongozo huu. Undeni kamati ndogo ya watu watano ambayo muda wake hautegemei rais aliyepo. Kila mwaka wanatoka mmoja au wawili na kuingia wapya, ili siku zote wawepo wanaokumbuka kwa nini bomba lilipitishwa upande ule. Rais anayemaliza, rais aliyepo na rais mteule watie saini mpango mmoja wa miaka mitatu kabla kazi haijaanza. Rais mpya anaweza kuongeza jambo lake, ila hawezi kuufuta mpango bila kura ya wanachama.

Gaweni majukumu kwa majina: msimamizi wa kazi, wa usalama, wa vifaa, wa kumbukumbu, na mmoja wa mahusiano na wakazi. Huyu wa mwisho awe mkazi wa eneo lenyewe hata kama si mwanachama. Akisema Jumamosi hiyo kuna msiba, kazi inaahirishwa.

Bajeti igawanywe mafungu matatu: maandalizi, siku ya kazi, na matunzo. Ushauri wangu ni kwamba fungu la matunzo lisiwe chini ya nusu ya fedha zote, na lizuiwe kabisa kutumika kwa jambo lingine. Wafadhili hupenda kulipia siku yenye bendera. Waambieni mapema kwamba mchango wao unalipia pia mtu wa kumwagilia maji mwezi wa nane.

Kuhusu wadhamini, angalieni anayeleta bango ni nani. Kiwanda ambacho mifuko yake ndiyo imejaa kwenye mtaro kinaweza kuwa mshirika mzuri, lakini kiombeni kwanza kibadilishe kitu: kiweke mahali pa kurudishia vifungashio, au kizuie maji yake machafu. Kikitaka fulana na picha tu, kataeni kwa heshima.

Hatua ya 5: Siku ya usafi

Idadi ya watu wanaosimamiwa vizuri ni muhimu kuliko idadi ya waliokuja. Kikundi kimoja kiwe na watu wanne au watano chini ya kiongozi anayeijua sehemu yake na mipaka yake. Anzeni mapema, malizeni kabla jua halijawa kali. Saa mbili hadi tatu zinatosha. Baada ya hapo watu huchoka, na ajali nyingi huja kwenye uchovu.

Vifaa vya lazima ni glavu nene (si zile laini za hospitali), viatu vilivyofunika mguu wote, vibano virefu, magunia imara, sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa, na maji na sabuni za kunawia. Ongezeni chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko kwa ajili ya sindano na vioo. Mwenye kidonda asiingie majini. Maji yaliyochafuliwa na mkojo wa panya hueneza leptospirosisi, ile inayoitwa pia homa ya mgunda, na vijidudu vyake hupita kwa urahisi kwenye ngozi iliyochubuka. Msiingie mtoni siku ya mvua kubwa wala siku inayofuata. Na kila mtu aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kabla ya kutawanyika, msimamizi wa usalama azungumze kwa dakika tano, asizidishe. Ataje vitu visivyoguswa: madumu yenye kemikali isiyojulikana, mitungi ya gesi, mizoga, vipande vya bati la asbesto, na chochote kinachofanana na silaha. Anayekiona aweke alama na aite. Sindano huokotwa na watu wazima waliofundishwa, kwa kibano, moja moja, ikiingizwa kwenye chombo kigumu ncha ikitangulia. Kifuniko cha sindano hakirudishwi kwa mkono hata siku moja.

Msisafishe kupita kiasi. Magogo yaliyolala majini, majani makavu na vichaka vya ukingoni si taka. Ndimo samaki wadogo, vyura na ndege wanamojificha, na mizizi ya vichaka ndiyo inayoshika udongo. Nimeona ukingo uliofagiliwa ukawa mweupe, kila mtu akausifu, na mvua iliyofuata ikauchukua nusu yake.

Kisha kuna hesabu, sehemu ambayo vikundi vingi huiruka. Mwaka 1986, Linda Maraniss na Kathy O'Hara waliandaa usafi wa ufukwe Texas, wakawaomba waliojitolea wasiokote tu bali waandike kila kitu walichookota. Huo ndio mwanzo wa usafi wa fukwe wa kimataifa unaofanyika kila Septemba hadi leo, na kwa miaka mingi vichungi vya sigara viliongoza orodha yake. Vichungi hivyo vinaonekana kama pamba, lakini vimetengenezwa kwa plastiki iitwayo selulosi asetati.

Nanyi fanyeni hivyo kwa njia nyepesi. Katika kila kikundi mmoja haokoti. Ameshika ubao na penseli (kalamu ya wino hugoma karatasi ikilowa). Wenzake wanataja kwa sauti wanapotumbukiza guniani: "chupa ya maji, chupa ya maji, mfuko, kandambili, kifuniko, kifuniko." Yeye anachora vistari, vinne na cha tano cha kukata. Mwishoni gunia linapimwa kwa mizani ya kuning'iniza na uzito unaandikwa. Kama kazi ni kubwa mno, tandikeni turubai, mwageni magunia matatu yaliyochaguliwa bila kupendelea, mhesabu hayo tu. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na kitu cha kumpelekea diwani: si "mto ni mchafu", bali ni aina gani ya taka, kiasi gani, na inatoka mtaro upi.

Hatua ya 6: Kupanda miti, na hasa kuitunza

Mti unaofaa ni ule unaofaa pale. Waulizeni wazee wa eneo na maofisa misitu ni miti gani ya asili ilikuwepo, na ni ipi watu wanaitaka: ya kivuli, ya matunda, ya dawa, ya kushika udongo. Mkaratusi haufai kando ya chemchemi kwa sababu hunywa maji mengi. Mti wowote wa kigeni unaojisambaza wenyewe, kama mathenge, uacheni kabisa. Na kuna maeneo ya nyasi ya asili ambayo hayajawahi kuwa msitu. Hayo yalindwe jinsi yalivyo, yasijazwe miti kwa sababu tu yanaonekana matupu.

Kitaluni, msichague mche mrefu kuliko yote. Chagueni ulionyooka, wenye shina nene kadiri, majani yasiyo na madoa, na mizizi ambayo haijatoboa kiriba ikaingia ardhini. Wiki mbili kabla ya kupanda, mwenye kitalu aupunguzie maji na kivuli taratibu ili uzoee shida. Mashimo yachimbwe mapema, upana wa mara mbili au tatu ya kiriba. Penye ukame na udongo mgumu, sentimita 60 kwa 60 si nyingi. Udongo wa juu uwekwe upande wake na wa chini upande wake.

Siku ya kupanda, mtu mmoja aonyeshe mbele ya wote, polepole, kisha kila mwenye kupanda arudie mbele yake. Mche umwagiliwe kwanza. Kiriba kipasuliwe kwa wembe upande mmoja na chini, kivuliwe bila kuvunja udongo. Mizizi iliyojizungusha chini kama kamba ikatwe, isipokatwa itaendelea kuzunguka hadi iunyonge mti ukiwa mkubwa. Udongo wa juu, uliochanganywa na mboji, ndio unaotangulia shimoni. Pale shina linapokutana na mizizi pawe sawa na uso wa ardhi: ukizamisha shina linaoza, ukiinua mizizi inakauka. Shindilia kwa viganja, si kwa kisigino. Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka ili maji yasikimbie, mwagilia lita 10 hivi, tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Viriba vyote vikusanywe na kuhesabiwa. Idadi iwe sawa na miche. Ni aibu kuacha plastiki kwenye kazi ya mazingira, na hutokea.

Mifugo ikipita hapo, zungushieni miiba au fito siku hiyohiyo. Kesho ni kuchelewa.

Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake waliokuwa wakiotesha na kupanda miche walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Malipo yalifuata uhai wa mche, na hiyo ndiyo siri ya utaratibu wao. Klabu yenu inaweza kuiga: badala ya kulipa chakula cha wageni 200 siku ya kupanda, ingieni mkataba na familia au kikundi cha jirani, kila kimoja miche yake 20 au 30, na malipo yatoke kwa awamu baada ya kuhesabu.

Hesabuni baada ya miezi mitatu, baada ya kiangazi cha kwanza, kisha kila mwaka hadi wa tatu. Penye miti michache, hesabuni yote. Penye mingi, chagueni mistari kadhaa kwa kura, si ile iliyo karibu na barabara, kwa sababu iliyo karibu na barabara ndiyo iliyomwagiliwa. Iliyokufa, tafuteni sababu kabla ya kuziba pengo: mchwa, maji kutuama, mbuzi, moto, au shina kuzamishwa. Taarifa zote za klabu ziandike miti iliyo hai. Idadi ya iliyopandwa iwekwe pembeni, kwa wino mdogo.

Hatua ya 7: Watoto, wageni na picha

Watoto washirikishwe kwenye kitalu, kuhesabu na kumwagilia. Kwenye usafi wa mto wakae nchi kavu, na kwa ridhaa ya wazazi. Vijana wa Interact na Rotaract (klabu za vijana za Rotary), au klabu za shule, wapewe kazi yenye uamuzi ndani yake, mathalani kusimamia takwimu zote. Wakiitwa kubeba magunia tu, mara ya pili hawaji.

Kabla ya kumpiga mtu picha, muulizeni. Msipige picha ya nyumba ya mtu ikiwa nyuma ya lundo la taka mkaiita "hali ya kabla". Picha yenye manufaa kuliko zote ni ya kuchosha: simikeni kigingi au jiwe mahali pamoja, mpige kutoka hapo kila mwezi, mkielekea upande uleule.

Hatua ya 8: Kukabidhi, au kufunga

Mwishoni mwa kila mwaka wa klabu, kamati isome mbele ya wanachama na wakazi karatasi moja: fedha zilizoingia na kutoka, kilo za taka, miti iliyo hai, na kilichoshindikana. Isomewe pia kwenye eneo la kazi, si ukumbini pekee.

Mwaka wa tatu amueni. Kama kikundi cha wakazi kinafanya kazi bila kusukumwa, kabidhini: vifaa kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, nakala za barua za ruhusa, daftari la hesabu, namba za simu za ofisi zinazohusika, na fedha za matunzo zilizobaki zikiwa na masharti yaliyoandikwa. Klabu irudi mara mbili kwa mwaka kama mgeni aliyealikwa. Kama hakuna aliyeishika kazi na taka zinarudi kila mwezi kutoka mtaro uleule, acheni kuokota, mwelekeze nguvu zote kwenye mtaro na wenye mamlaka nao. Na kama miti imekufa zaidi ya nusu kwa sababu eneo halikufaa, fungeni mradi, waandikieni wafadhili ukweli wenye tarakimu, mkipeleka pamoja na barua hiyo nakala ya hesabu za miezi yote. Mfadhili makini atauliza maswali magumu, kisha mara nyingi atauliza mnaanza wapi tena.